Posamu Hawahesabu Hekta

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Eden, kwenye pembe ya kusini mashariki ya jimbo la New South Wales nchini Australia, misitu ya mikaratusi ilikuwa ikikatwa kwa wingi. Magogo yalipelekwa kiwandani kuchanwa vipande vidogo vya kutengenezea karatasi. Mtafiti Braithwaite na wenzake walikwenda kwenye misitu hiyo iliyokuwa ikivunwa kuchunguza wanyama waishio juu ya miti: ni akina nani, wako wangapi, na wako sehemu gani. Walipojumlisha hesabu, asilimia 63 ya wanyama wenye mfuko waishio mitini walikuwa wametoka kwenye asilimia 9 tu ya msitu.

Nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi na bado inanishtua. Nimekulia Mufindi, Tanzania, ambako mkaratusi ni mti wa kuni, wa nguzo za umeme na wa kujifukizia mafua. Siku hizi naishi Canberra, mwendo wa saa chache kwa gari hadi Eden. Ukipita kwenye misitu ile mchana unaona kijani kilekile, kilima baada ya kilima, hadi macho yanachoka. Hakuna kitu kinachomwonyesha mpita njia kwamba bonde hili limejaa posamu, mmoja wa wanyama hao wenye mfuko, na kilima kile cha pili ni kitupu. Tofauti iko ndani ya jani, na kabla ya jani iko ardhini.

Kwanza niwaelezee wenyewe. Wanyama wenye mfuko huzaa watoto wachanga mno, ambao humalizia kukua ndani ya mfuko wa mama. Kangaruu wanajulikana dunia nzima, lakini wako ndugu zao ambao maisha yao yote yako juu mitini: koala, posamu wa aina nyingi, na hata kangaruu wa mitini kule kaskazini. Ninayempenda kuliko wote ni posamu mkubwa arukaye. Ana uzito wa kati ya gramu 900 na 1,700, masikio yenye manyoya mengi, na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake. Ngozi yake imetanda kutoka kwenye kiwiko cha mkono hadi kwenye kifundo cha mguu, na akijirusha kutoka kwenye mti mmoja anaweza kwenda hadi mita 100 kabla ya kutua kwenye mwingine. Chakula chake ni majani ya mkaratusi, na karibu hana kingine. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho iliwaingiza posamu hao wa kusini na wa kati kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwaka huohuo koala wa Queensland, New South Wales na eneo la Canberra waliingizwa pia.

Sasa jaribu kuishi kwa majani ya mkaratusi. Lichukue jani moja lililokomaa, likunje katikati: linavunjika kama kadi. Lisugue kwa vidole na mafuta yake yanakupanda hadi machoni. Ukilitafuna, tanini inakausha ulimi kwa ule ukakasi wa bibo bichi. Lina maji, lina nyuzinyuzi nyingi, lina sumu kadhaa, na protini yake ni kidogo. Koala amejengwa kwa ajili ya kazi hiyo: ana mfuko wa utumbo wenye urefu wa kama mita mbili ambamo vijidudu huvunja nyuzinyuzi hizo taratibu, na hulala hadi saa 20 kwa siku ili asitumie nguvu ambazo hana. Mtoto wa koala anapokaribia kuacha maziwa hula kinyesi laini cha mama yake ili kupata vijidudu hivyo. Posamu mkia-pete, ambaye ni mdogo kuliko koala, hula kinyesi chake mwenyewe laini cha mchana ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Kadiri mnyama anavyokuwa mdogo ndivyo mwili wake unavyotumia nguvu haraka kwa kila gramu, kwa hiyo posamu wa kilo moja anayetegemea majani hana akiba ya kuchezea. Jani likipungua ubora kidogo tu, hesabu yake inakataa.

Na ubora huo unatoka wapi? Baba yangu ni mkulima. Nilipomsimulia kwa simu habari za Eden, hakuuliza kuhusu wanyama. Aliuliza, "Mwanangu, udongo wa huko ukoje?" Nilimwambia, "Umechoka, Baba." Hakuhitaji maelezo zaidi.

Umechoka kwelikweli. Sehemu kubwa ya Australia haijaona volkano changa wala barafu ya kusaga miamba kwa mamilioni ya miaka. Kwetu, miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe ina udongo wa volkano, na ndiyo maana watu wamebanana huko na migomba yao. Kule Australia mvua imeosha ardhi kwa muda mrefu sana, na kilichoondoka kwa wingi ni fosforasi. Mkaratusi unaoota kwenye ardhi ya namna hiyo una jua la kutosha na hewa ya ukaa ya kutosha, kwa hiyo kutengeneza sukari, mafuta na nyuzinyuzi hakuusumbui. Unachokosa ni fosforasi na naitrojeni, na bila hizo jani jipya haliwezi kutengenezwa. Mti wenye shida hiyo hulilinda kila jani ulilo nalo: hulifanya gumu, hulijaza tanini na mafuta, hukaa nalo kwa muda mrefu, na kabla ya kulidondosha huvuta kwanza fosforasi yake na kuirudisha ndani ya tawi. Mti ulioota bondeni penye rutuba na maji hauna sababu ya kuwa bahili hivyo. Majani yake yanakuja haraka, ni laini zaidi, na yana naitrojeni zaidi, ambayo ndiyo malighafi ya protini.

Ndivyo ilivyokuwa Eden. Watafiti walipopima majani walikuta kwamba wingi wa wanyama ulikwenda pamoja na naitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyomo ndani ya majani, na kwamba virutubisho hivyo vilifuata aina ya mwamba uliozaa udongo wa mahali pale. Hata aina za mikaratusi hujipanga kwa rutuba. Eucalyptus sieberi imezoea vilima vikavu vyenye udongo hafifu, na huko posamu ni wa kutafuta kwa tochi. Eucalyptus viminalis na Eucalyptus radiata hupenda ardhi nzuri zaidi, na wanyama wanajua.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba uhusiano huu si wa polepole. Rutuba ikipungua nusu, huwezi kutegemea kwamba posamu nao watapungua nusu. Kuna kiwango ambacho chini yake mnyama mzima anaweza kujikongoja na kuishi, lakini jike hawezi kutengeneza maziwa ya kumlea mtoto hadi akue, kwa sababu maziwa ni protini. Posamu mkubwa arukaye huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na si kila jike huzaa kila mwaka. Kwenye kisiwa cha Magnetic, pwani ya Queensland, Jane DeGabriel, William Foley na wenzao waliwafuatilia posamu mkia-brashi na kupima majani ya miti iliyokuwa ndani ya eneo la kila jike. Hawakutosheka na kupima naitrojeni yote iliyomo. Walipima ile ambayo mnyama anaweza kuifaidi baada ya tanini kushika sehemu yake na kuizuia isimeng'enywe. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba majike wenye miti yenye naitrojeni hiyo zaidi walizaa zaidi, na watoto wao walikua haraka zaidi. Kwa hiyo unaweza kuingia msituni ukawaona posamu wazima juu ya miti, ukaandika kwenye ripoti kwamba wapo, na usijue kwamba hapo hakuna mtoto atakayefika utu uzima.

Hata ndani ya aina moja ya mti, kwenye ardhi ileile, majani hayafanani. Mikaratusi mingi hutengeneza kemikali za kundi ambalo mojawapo ni sideroksilonali. Mnyama akizila nyingi anapata kichefuchefu na kuacha kula, hata kama tumbo bado liko tupu. Miti miwili ya aina moja iliyosimama bega kwa bega inaweza kutofautiana sana kwa kiasi cha kemikali hizo, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni ya urithi. Mwaka 2005 Ben Moore na Foley walitoa kazi yao ya kisiwa cha Phillip, kusini mwa Victoria, ambako walipima miti mmoja mmoja na kuilinganisha na ile ambayo koala walionekana kukaa. Koala walichagua miti mikubwa yenye sumu kidogo na kuipita mingine iliyokuwa karibu kabisa. Huko Yeoval, New South Wales, uliwahi kugundulika mkaratusi mmoja ambao mbawakawa waliutafuna majani yote hadi ukabaki matawi matupu, isipokuwa tawi moja kubwa lililobaki na kijani chake chote. Tawi lile lilikuwa na kemikali tofauti na mti mwingine wote. Mti mmoja, shina moja, na wadudu wameuchorea mpaka katikati yake.

Usiku ndipo unapoyaona haya yakitendeka. Natoka mara kwa mara na kundi la wanaojitolea kuhesabu posamu kwenye milima ya mashariki mwa Canberra. Tunatembea kimyakimya kwenye njia ya zamani ya magari ya magogo, taa ikipepesa juu taratibu, tukitafuta mng'ao wa macho. Macho ya posamu mkubwa arukaye yanang'aa sana, meupe yenye umanjano kidogo, na ukiyapata hayakimbii, yanakutazama tu. Niliwahi kumtazama mmoja kwa darubini kwa muda mrefu, shingo ikiniuma. Alivuta kitawi kwa mkono hadi puani, akanusa, akakiachia kikarudi mahali pake. Akavuta cha pili, akanusa, akakiachia. Cha tatu alikishika, akachagua jani changa la kwenye ncha na kulitafuna hadi kwenye kikonyo, kisha akatulia kama mtu anayesubiri chakula kishuke kabla ya kuendelea. Alikuwa amezungukwa na majani maelfu kwa maelfu, na yaliyomfaa yalikuwa machache kiasi hicho.

Mambo haya hayako kwenye mikaratusi peke yake. Kaskazini mwa Queensland, kwenye nyanda za juu za Atherton, kuna msitu wa mvua wenye posamu wa aina ambazo hazipatikani kwingine popote, pamoja na kangaruu wa mitini wa Lumholtz. John Kanowski na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba walaji majani hao walikuwa wengi zaidi kwenye udongo wa basalti, yaani mwamba wa volkano, kuliko kwenye udongo uliotokana na miamba maskini kama graniti, na kwamba mwinuko nao una nafasi yake. Sasa fikiria ni nani mwingine anayeupenda udongo wa basalti. Wakulima walipofika Atherton walifyeka huko kwanza, wakaweka ng'ombe wa maziwa na mashamba. Walifanya kile ambacho mkulima yeyote mwenye akili angefanya, na baba yangu angekuwa wa kwanza.

Habari hiyo imejirudia mashariki yote ya Australia, na hapa ndipo ninapoacha kuwa mtulivu. Mabonde yenye rutuba yalichukuliwa kwa ajili ya ngano, malisho na miji. Miteremko mikali, vilele vya mawe na vilima vya udongo hafifu havikugombewa na mtu, na baadaye vingi vikatangazwa kuwa hifadhi. Ukiziangalia hekta, nchi inaonekana imehifadhi msitu mwingi. Ukiuliza ni hekta ngapi kati ya hizo zina majani ambayo jike wa posamu anaweza kunyonyeshea mtoto, picha inabadilika kabisa. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia hoja kwamba tukate kipande hiki kwa sababu wanyama watahamia kwenye msitu mkubwa wa jirani. Posamu mkubwa arukaye huishi kwenye hekta chache tu na hushikamana nazo. Msitu wa jirani ama una majani mazuri na tayari una wenyewe, ama hauna majani mazuri, na hiyo ndiyo sababu uko mtupu. Ile asilimia 9 ya Eden ikiondoka, haifidiwi na asilimia 91 iliyobaki.

Chakula peke yake hakitoshi, lazima niseme. Posamu wengi wanahitaji tundu ndani ya mti la kulala mchana, na Australia haina vigogota wa kuchonga matundu. Yanatokea yenyewe, tawi likivunjika, kuvu na mchwa wakiingia, moto ukipita, na kazi hiyo huchukua zaidi ya miaka 100. Posamu wa Leadbeater, mnyama wa nembo wa jimbo la Victoria, alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1961 karibu na Marysville. Anaishi hasa kwenye misitu ya Eucalyptus regnans, mti mrefu kuliko miti yote duniani itoayo maua, kwenye milima yenye mvua na udongo mzuri. Yeye hali majani: hula utomvu, wadudu, na ulimbo wa miwati inayoota chini ya mikaratusi hiyo. Watu wa Njombe wanaijua miwati, kwa kuwa mwati wa mashamba yetu asili yake ni kusini mashariki mwa Australia. Na komba wetu, asiye na undugu wowote wa karibu na posamu, naye hushuka usiku kulamba ulimbo wa migunga. Tarehe 7 Februari 2009 moto ulioua watu 173 huko Victoria uliteketeza pia zaidi ya theluthi ya makazi ya posamu huyo. Mwaka 2024 Victoria ilisimamisha uvunaji wa kibiashara wa misitu ya asili inayomilikiwa na serikali. Miti iliyoota baada ya moto ule inaendelea vizuri, lakini matundu yake bado yako mbali sana.

Joto nalo limeingia. Ini la mnyama anayekula sumu kila usiku linafanya kazi kubwa ya kuzivunja, na kazi hiyo huzalisha joto mwilini. Usiku ukiwa wa moto mnyama hula kidogo, na anayekula kidogo kwenye jani hafifu anadhoofika haraka kuliko aliye kwenye jani zuri. Hapo tena rutuba ndiyo inayoamua nani avuke. Pamoja na hayo, hewa ya ukaa inapoongezeka, mimea hutengeneza wanga na nyuzinyuzi zaidi, na naitrojeni ndani ya jani inapungua kwa kulinganisha.

Nilitamani hili la mwisho liwe jambo la maabara tu, hadi niliposoma kazi za msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda. Wanasayansi huko wameonyesha kwa miaka mingi kwamba wingi wa mbega hufuata uwiano wa protini na nyuzinyuzi ndani ya majani, kanuni ileile ya Eden kwa wanyama wasio na mfuko kabisa. Mwaka 2015 Jessica Rothman, Colin Chapman na wenzao walilinganisha majani ya aina zilezile za miti na vipimo vilivyochukuliwa miongo kadhaa kabla. Nyuzinyuzi zilikuwa zimeongezeka, na uwiano wa protini umeshuka. Hakuna aliyehitaji kuugusa mti kwa shoka ili chakula cha mbega kipungue.

Zanzibar kuna jambo la kufurahisha zaidi. Kima punju wanaoishi kwenye mashamba ya pembeni mwa msitu wa Jozani hula majani ya miembe na mikungu, yenye protini nyingi lakini pia kemikali zinazozuia mmeng'enyo. Thomas Struhsaker na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba kima hao hula mkaa, na mkaa hunasa kemikali hizo tumboni na kuacha protini ipite. Watoto hujifunza kwa mama zao. Wenyeji wa pale wamewaona kwa miaka wakiokota mkaa kwenye matanuri. Posamu hana njia ya mkato kama hiyo. Ana pua yake, na hekta zake chache.

Kwa hiyo inapotangazwa mipango mipya ya misitu, hapa Australia au nyumbani, nina ombi moja kwa wanaoiandika. Kabla ya kuchora mpaka wa eneo la kukata na eneo la kuacha, pimeni majani. Vifaa vipo: siku hizi mwanga wa infraredi unaopimwa kutoka kwenye jani lililokaushwa na kusagwa huweza kukadiria naitrojeni na kemikali zake kwa muda mfupi, na watafiti wamekuwa wakijaribu kufanya hivyo kwa misitu mizima kutoka angani. Ramani ya mwamba na udongo ipo tayari kwenye ofisi za serikali. Mkiziweka pamoja mtaviona vipande vinavyolisha msitu mzima, na hivyo ndivyo viandikwe kwanza kwenye orodha ya visivyoguswa, hata kama ndivyo vyenye magogo manene kuliko yote.